Fondue kwa jibini ya Masisi: mwongozo kamili wa kuwalisha marafiki sita kutoka chungu kimoja

Jibini ya Masisi inafaa kwa fondue, kile chakula cha Uswisi cha jibini iliyoyeyushwa. Naanza na neno hilo kwa sababu kila nikialika watu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kwa mara ya kwanza, hakosi mmoja wa kuniuliza jibini ya Uswisi nimeipata wapi. Sikuitafuta. Juu kule kwenye vilima vya Masisi ng'ombe wanakula majani mabichi mwaka mzima, na watu wanatengeneza jibini ya jamaa ya Gouda: ngumu kiasi, ya manjano hafifu, yenye ganda linalokatika kwa kisu. Fromaji ile ile tunayokula na mkate asubuhi, ile ile tunayomfungia mgeni anayerudi Kinshasa, ndiyo itakayoingia chunguni.

Wengi wanaharibikiwa kwenye moto. Tumezoea kupika maharagwe na sombe, vyakula ambavyo ukivichochea makala (makaa) vinaiva na ukivisahau kidogo havikasiriki. Jibini ina tabia nyingine kabisa. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye sehemu ya moto na ya tindikali, na sehemu nyingine nitazipita haraka. Ukielewa kinachotokea ndani ya chungu, utaweza kubadilisha vipimo vyangu upendavyo na bado chakula kitatoka.

Chakula chenyewe

Fondue ni neno la Kifaransa lenye maana ya "iliyoyeyuka". Ni jibini iliyoyeyushwa ndani ya divai nyeupe, ikawekwa katikati ya meza juu ya moto mdogo, na kila mtu anachovya kipande chake cha mkate. Basi. Kitabu kimoja cha Zurich cha mwaka 1699 tayari kina maelezo ya kupika jibini na divai. Lakini kilichoifanya iitwe chakula cha taifa zima la Uswisi ni kampeni ya chama cha wauza jibini wa nchi hiyo, katika miaka ya 1930, walipotaka watu wanunue jibini zaidi.

Kuna mapishi mengi ya kimkoa. Watu wa Neuchâtel huchanganya jibini za Gruyère na Emmental. Watu wa Fribourg hutia nusu Gruyère na nusu Vacherin, jibini nyingine ya huko, na wanaiita "moitié-moitié", yaani nusu kwa nusu. Hao hao wa Fribourg wana nyingine ya Vacherin peke yake, na hiyo haitiwi divai hata tone: ni maji kidogo tu, na mara nyingi wanaila na viazi badala ya mkate. Weka hiyo akilini. Itatusaidia mbele, kwa sababu katika marafiki sita wa Goma usishangae ukiwakuta wawili wasiogusa pombe kwa ajili ya imani yao, na hao nao wanataka kula.

Vipimo vya watu sita

Uswisi wanahesabu gramu 200 za jibini kwa mtu mmoja, nami nashika hesabu hiyo. Kwa sita ni kilo 1 na gramu 200 *baada ya kutoa ganda*, kwa hiyo nunua kilo 1 na gramu 400.

Divai nyeupe kavu, isiyo na sukari, nusu lita. Juisi ya ndimu, kijiko kimoja cha chakula. Maizena (wanga wa mahindi), vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa. Kitunguu saumu, punje mbili. Pilipili manga na kungumanga ya kukwangua. Chumvi usitie, maana jibini yetu inalowekwa kwenye maji ya chumvi wakati wa kuitengeneza na inatosha yenyewe.

Kwa wasiotumia pombe: badala ya divai weka maji desilita nne na nusu, juisi ya ndimu vijiko vitatu vya chakula, na uongeze Maizena hadi vijiko vinne.

Mkate gramu 800 hivi, viazi kilo moja na nusu, na mboga kiasi upendacho.

Mtu ataniuliza kama unga wa muhogo unaweza kuchukua nafasi ya Maizena. Ule wetu wa fufu usiutie. Una harufu ya kuchachuka inayofunika jibini yote. Unga wa ngano unaweza kukuokoa, lakini tia mara mbili ya kipimo na uupike muda mrefu zaidi kidogo, ili ladha ya unga mbichi iishe.

Kuchagua jibini

Hapa usiwe na haraka. Jibini ya Masisi haitoki kiwanda kimoja kikubwa. Inatoka kwenye mashamba na karakana ndogo, kila moja na mkono wake, na hata kutoka kwa mtu yule yule wiki hii si sawa na wiki iliyopita. Barabara ya Sake ikiwa mbaya au ikifungwa, jibini inachelewa na bei inapanda. Kwa hiyo mimi hununua siku tatu kabla ya mwaliko, wala sipangi tarehe kabla ya kujua jibini ipo.

Mazungumzo na muuzaji huwa hivi:

"Mama, hii fromaji iko ya siku ngapi?"

"Hii iko ya wiki mbili, mwanangu. Ile ya huku iko ya zamani, imekauka."

"Unipatie zote mbili. Nikatie kidogo nionje kwanza."

Ninachukua zote mbili kwa makusudi. Ile changa ina maji mengi na inayeyuka laini kama krimu, lakini haina ladha nzito. Ile iliyokaa miezi miwili, mitatu ina ukali na harufu, lakini ukiipika peke yake inatoa mafuta upesi na inakuwa na chembechembe. Zikikutana, kila moja inaziba kasoro ya mwenzake, kwa sababu ile ile watu wa Fribourg wanachanganya Gruyère na Vacherin. Kipimo changu ni theluthi mbili changa na theluthi moja kavu. Wageni wako wakipenda chakula chenye nguvu, fanya nusu kwa nusu.

Ukiikata, angalia ndani. Matundu machache ya mviringo ni kawaida. Lakini ukikuta matundu madogo madogo mengi kama sponji, na jibini yenyewe imevimba, iache: ni dalili kwamba bakteria wasiotakiwa waliingia kwenye maziwa. Harufu iwe ya maziwa yaliyoganda na ya karanga kwa mbali. Ikikuchoma pua kama mkojo, imepita siku zake. Ganda liwe kavu. Likiwa na utelezi, omba nyingine.

Halafu kuna jaribio ambalo halijawahi kunidanganya. Ukifika nyumbani, chukua kipande chenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kiweke kwenye kijiko cha chuma, kishikilie juu ya makala yasiyo na miali. Ndani ya dakika moja kinapaswa kulegea na kutandaa kwenye kijiko. Kikitandaa, umepata. Kikitoa mafuta mengi na kubaki kimejikunja katikati, ni kikavu mno, punguza sehemu yake kwenye mchanganyiko. Kikikaa vile vile na kuanza kuungua bila kulegea, hiyo jibini iligandishwa kwa tindikali. Jibini ya namna hiyo haiyeyuki hata uipike hadi kesho. Hiyo uile na mkate.

Kwa nini jibini inakatika

Mara ya kwanza nilipojaribu, nilikuwa na watu wanane kwenye barza. Niliweka sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makala, iliyojaa makala mekundu, nikatia jibini yote kwa mara moja ili iive haraka, kwa kuwa wageni walikuwa wameshaketi. Baada ya dakika kumi nilikuwa na donge moja la mpira chini na mafuta ya manjano juu. Tulikula mkate na viazi vitupu usiku ule. Nilisikitika sana, kwa sababu jibini ile ilikuwa nzuri na niliinunua kwa pesa nilizoziweka mwezi mzima.

Sasa ninajua kilichotokea. Jibini ni wavu wa protini, na katikati ya wavu huo kuna mafuta na maji. Nyuzi za wavu zimefungwa pamoja na kalsiamu. Ukipasha polepole, kwanza mafuta yanayeyuka, kisha wavu wenyewe unalegea, na vyote vinatiririka pamoja. Lakini ukizidisha joto, protini inajikunja na kukaza kama ngumi, inakamua maji na mafuta yaliyokuwa ndani. Ndivyo inavyokatika, kama maziwa yanavyokatika, na moto zaidi unazidi kuharibu.

Vitu viwili vinatulinda. Cha kwanza ni tindikali ya divai au ya ndimu, ambayo inaishika ile kalsiamu na kuilegeza kutoka kwenye protini, hivyo nyuzi zinaachana vizuri badala ya kung'ang'aniana. Cha pili ni wanga wa Maizena, unaovimba kwenye maji ya moto na kukaa katikati ya chembe za protini na matone ya mafuta ili visigandamane. Ukiacha kimoja kati ya hivi viwili, unaweza kubahatika. Ukiacha vyote viwili, utakula viazi vitupu kama mimi.

Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema divai ni ya anasa tu. Ina kazi. Na ndiyo maana vile vile ndimu inaweza kushika kazi hiyo bila kumkosesha mtu chochote. Bia nyepesi nayo inafaa, ila uchachu wake ni mdogo, kwa hiyo uiongezee ndimu vijiko viwili.

Nitasema jambo moja kwa uwazi: si kweli kwamba pombe yote inaondoka kwa moto. Kwa joto dogo tunalotumia hapa sehemu yake inabaki. Ukiwa na mgeni ambaye hanywi kwa imani, mama mjamzito, au mtu anayepigana kuacha pombe, mpikie ya ndimu na umwambie wazi ni ya ndimu. Mimi siku hizi nikiwa na kundi la mchanganyiko, ninapika ya ndimu kwa wote. Hakuna aliyewahi kuondoka na njaa.

Chungu na moto

Waswisi wana chungu chao kizito cha udongo au cha chuma kilichopakwa rangi ya kioo, chenye mkono mmoja, wanakiita "caquelon". Kazi yake ni kushika joto na kulisambaza sawasawa. Chungu chetu cha udongo chenye mdomo mpana na chini bapa kinafanya kazi hiyo hiyo. Kama ni kipya, kiloweke kwenye maji usiku mzima, kikaushe, kisha kichemshie maji kwa moto mdogo mara moja kabla ya siku ya karamu, usije ukaona nyufa wageni wakiwa mezani. Usiwahi kukitoa baridi na kukitua juu ya makala makali.

Huna chungu? Tumia sufuria nzito. Zile nyepesi za bati zinaunguza katikati huku pembeni bado baridi. Sufuria ya aluminiamu isiyopakwa kitu inakubali, lakini jibini yenye ndimu isikae humo usiku kucha, itaokota ladha ya chuma.

Kupika kwenyewe nafanya jikoni, kwa gazi au kwa mbabula yenye makala machache. Kwa mezani ndiko watu wanakosa usingizi, kwa kuwa hawana lile jiko dogo la spiriti la Wazungu. Kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni mbabula ndogo yenye makala yaliyokwisha kuiva, yaliyofunikwa na jivu lake. Ukiweka kiganja juu yake, umbali wa upana wa mkono, uweze kuhesabu hadi nane bila kukiondoa. Hiyo inatosha. Lakini mbabula ikae nje, kwenye barza iliyo wazi, na kamwe isiingie sebuleni milango ikiwa imefungwa, hata kama mvua inanyesha na baridi ya usiku imeshuka. Sisi watu wa Goma tumekua tukionywa kuhusu mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini, inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi na watu bila harufu yoyote. Gesi ya makala ni nyingine, monoksidi ya kaboni, lakini inafanana na mazuku kwa jambo hilo moja: haina harufu wala rangi, na mtu anasinzia tu.

Njia ya pili, ambayo naitumia mvua ikinyesha, ni kuweka chungu ndani ya beseni au sufuria kubwa yenye maji ya moto yanayofika nusu ya chungu. Kila baada ya dakika kumi na tano unabadilisha maji kutoka kwenye thermos. Haiungui hata kidogo. Hasara yake ni kwamba hupati lile ganda la chini, na ganda la chini kwangu ni nusu ya furaha.

Cha kuchovya

Mkate uwe wa jana. Mkate wa leo unavunjika na kuzama. Ule mrefu wenye ganda gumu ndio bora, na kila kipande kikatwe kiwe na ganda upande mmoja, ili kijiti kipate pa kushika. Mkate wa sukari au ule laini wa chai ya asubuhi usiulete.

Viazi vidogo vya vilimani, vichemshe na maganda yake. Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na maji yanachemka hapa karibu nyuzi 95 tu, kwa hiyo viazi vinachukua muda mrefu kuliko vitabu vya ng'ambo vinavyosema. Nahesabu dakika thelathini, halafu nachoma na kisu. Karoti na poiro za Kibumba, zilizochemshwa lakini bado zinauma jinoni kidogo, zinaleta utamu ambao jibini inauhitaji. Uyoga uliokaangwa pia. Ndizi za kupika zilizochemshwa nilizijaribu kwa shaka, zikanishinda kwa uzuri; chagua zile ambazo hazijaiva. Nyama sipendekezi. Jibini peke yake ni nzito, na brosheti za mbuzi zina usiku wao.

Ongeza bakuli la pilipili ya kusaga na kachumbari ya kabichi yenye ndimu nyingi. Si desturi ya Uswisi, lakini mdomo unahitaji kitu kikali kati ya tonge na tonge.

Sasa tupike

Wageni wakiambiwa saa kumi na mbili jioni, mimi naanza saa kumi na nusu. Toa jibini mahali pa baridi, kata ganda, na uikwangue kwa kifaa cha karoti. Kama huna, ikate kwa kisu vipande vidogo kama punje za maharagwe. Itachelewa kidogo tu. Mimina Maizena juu ya jibini kwenye beseni na uchanganye kwa mikono hadi kila kipande kivae unga. Hatua hii inadharauliwa sana. Ukitia Maizena baadaye ikiwa kavu, itafanya mabonge, na hutayatoa.

Viazi na mboga ziive kabla, zifunikwe kwa kitambaa. Mkate ukatwe. Vijiti viwe mezani. Kuanzia hapa mikono yako ni ya chungu peke yake, kwa hiyo mpe mtu mwingine kazi ya kufungua mlango.

Wageni wote wakishaketi, na nasema *wote*, chukua punje moja ya saumu, ikate katikati na uisugue ndani ya chungu chote. Nyingine iponde uiache humo. Mimina divai na ndimu, au maji na ndimu. Pasha kwa moto wa wastani hadi uone viputo vidogo pembeni na mvuke ukipanda. Usingoje ichemke kwa nguvu. Hapo punguza moto.

Tia jibini kiganja kimoja. Koroga kwa mwiko wa mti, ukichora tarakimu ya nane chini ya chungu, ili mwiko upite katikati na pembeni bila kukosa. Ukizunguka tu kama unasonga ugali, jibini inajiviringisha kuwa kamba. Ngoja kiganja cha kwanza kipotee kabisa ndipo utie cha pili. Mwanzoni utaona maji juu na jibini chini, hazitaki kusalimiana. Usiogope, na usiongeze moto. Karibu na kiganja cha nne au cha tano vitaanza kushikana, na utasikia mwiko unakuwa mzito sawasawa. Kazi yote inachukua dakika kumi na tano hadi ishirini. Pembeni viputo vidogo vinaweza kutokea, polepole, kimoja kimoja. Ukiona inachemka kama uji, inua chungu mara moja, koroga hewani hadi itulie, kisha kirudishe.

Imekamilika pale inapofunika mgongo wa mwiko, na ukipitisha kidole alama inabaki. Sasa kwangua kungumanga, kidogo tu, tia pilipili manga, onja. Watu wengine humalizia na bikabonati, kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kisu. Inatoa povu dogo na kuifanya jibini iwe nyepesi. Ninaitumia jibini kavu ikiwa imezidi.

Ipeleke mezani hapo hapo. Jibini hii haingoji mtu anayeegesha pikipiki.

Mezani

Vijiti vya brosheti vinafaa sana kama huna uma mrefu. Ila kuna kanuni moja naisema kabla ya sala ya chakula: kijiti kinachoingia chunguni hakiingii mdomoni. Unachovya, unazungusha, unaacha jibini idondoke, unashusha tonge kwenye sahani yako, na unakula kwa uma wako. Mji huu umepita kwenye kipindupindu na Ebola ya 2019, na kila nyumba ilijifunza kuweka ndoo ya kunawia mlangoni. Chungu kimoja kinaweza kulisha watu sita kwa usafi kabisa, mradi kila mtu ajue njia ya kijiti chake.

Kila anayechovya afike hadi chini na kukoroga kidogo. Hiyo ni kazi ya meza nzima: mikono sita ikichora nane zake, jibini haiungui wala haigandi. Wakiacha kuchovya na kuzama kwenye maongezi, mwenyeji ashike mwiko.

Desturi ya Uswisi ni kwamba anayeangusha mkate chunguni anatoa adhabu. Kwetu anayeangusha ndiye anayeleta maji ya kunawa, na akiwa shemeji anaangusha mara mbili kwa kusukumwa kiwiko.

Kinywaji kiwe cha moto. Chai isiyo na maziwa, yenye mchaichai au tangawizi, inafaa kuliko soda ya baridi. Watu husema divai husaidia kuyeyusha jibini tumboni. Watafiti wa Zurich waliipima imani hiyo, wakachapisha majibu mwaka 2010 katika *British Medical Journal*: waliokunywa divai na fondue, matumbo yao yalichelewa kumwaga chakula kuliko ya waliokunywa chai. Kwa hiyo wale wa chai wasijione wamepunjwa.

Ikiharibika

Ikiwa nzito mno, ongeza kijiko cha divai au maji *ya moto*, kimoja kimoja. Maji baridi yanaishtua.

Ikiwa nyepesi mno, koroga kijiko cha chai cha Maizena kwenye kijiko kimoja cha ndimu hadi kilainike, mimina, na uendelee kukoroga dakika tatu. Usitupie jibini zaidi kwanza, maana tatizo mara nyingi ni wanga ambao bado haujaiva.

Ikivutika kama kamba ndefu zisizokatika, inakosa tindikali. Ndimu, nusu kijiko, na subira.

Ikikatika, mafuta juu na donge chini, toa motoni upesi. Changanya kijiko cha chakula cha Maizena na vijiko viwili vya ndimu na kimoja cha maji, mimina, rudisha kwenye moto mdogo sana, kisha piga kwa nguvu kwa kipigio cha mayai. Mara nyingi inarudi ndani ya dakika tano. Donge likishakuwa gumu kama mpira wa tairi halirudi tena. Likate vipande, kaanga na viazi, na wageni watashiba.

Ganda la chini

Jibini ikibaki kidole kimoja chini, mwambie kila mtu aache. Punguza makala yabaki mawili, matatu, na uache chungu kikae dakika tano bila kukoroga. Chini patatengeneza ganda la rangi ya dhahabu, linavunjika kama biskuti. Waswisi wa Kifaransa wanaliita "la religieuse", yaani mtawa wa kike. Libandue kwa kisu butu na uligawe sawa kwa sita. Nyumbani kwangu linaanza kwa mkubwa wa meza, na nimeona wazee walioikataa fondue yenyewe wakiomba ganda mara ya pili.

Baada yake tunakula nanasi la kisiwa cha Idjwi, bila sukari.

Chungu usikioshe kwa maji ya moto. Yanaipika jibini iliyobaki na kuishikiza kwenye udongo. Kijaze maji baridi, kiache hadi asubuhi, kisha sugua kwa jivu na jani la mgomba. Kama kuna fondue iliyobaki, usiipashe tena peke yake: itandaze juu ya viazi vya jana, funika sufuria, weka juu ya makala machache dakika kumi, na uwaite waliolala kwako waje kunywa chai.